Tazama, Tazamwa, Tazamana: Kuzuru Berlin kwa Kiswahili

Utangulizi

Kila ifikapo Jumapili ya mbio za Berlin mwezi wa Septemba, shughuli nyingi za Eldoret husimama kwa muda wa saa mbili hivi. Katika mikahawa, katika vinyozi na katika vyumba vya burudani vya wanafunzi, macho ya watu hukazwa kwenye runinga. Mbio zikielekea ukingoni huonekana lango kubwa la nguzo za mawe, na mkimbiaji, ambaye mara nyingi ni jirani yetu wa Kaptagat, Iten au Kapsabet, hupita chini yake akielekea kwenye utepe. Paul Tergat mwaka 2003, Patrick Makau mwaka 2011, Wilson Kipsang mwaka 2013, Dennis Kimetto mwaka 2014, na Eliud Kipchoge mwaka 2018 na tena mwaka 2022, wote walivunja rekodi ya dunia ya marathoni katika mji huo mmoja.

Hata hivyo, mkimbiaji hana nafasi ya kuitazama Berlin, nasi tunaomtazama huliona lango lile kwa nukta chache tu. Ukimwuliza mwanafunzi wa Kiswahili lile ni lango gani, lilijengwa lini na lina maana gani, aghalabu atakujibu kwa Kiingereza, au atakuambia kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo kama hayo. Dai hili la pili ndilo lililochochea makala hii. Inadhamiria kumtembeza msomaji katika baadhi ya alama za kihistoria za Berlin, na kuonyesha kwamba Kiswahili si mgeni katika mji huo. Kimekuwako kwa zaidi ya miaka 130: kimefundishwa, kimeandikwa, kimeteswa na hatimaye kimebandikwa kwenye vibao vya barabara.

Kabla ya kuanza ziara, tulitafakari neno lenyewe. Kitenzi talii, tunachokitumia leo kwa maana ya kutembelea mahali kwa burudani, kina asili ya Kiarabu na ni ndugu wa neno mutalaa, yaani usomaji au uchunguzi wa makini. Kwa mujibu wa nasaba hii, mtalii wa kweli ni msomaji, na mji ni kitabu chake. Tutausoma mji huu kwa kuongozwa na kitenzi kimoja chenye mnyambuliko wa namna tatu: tazama, tazamwa na tazamana. Ni muhimu kujua nani anatazama, nani anatazamwa, na ni lini watu hutazamana.

Lango la Brandenburg

Ziara na ianzie pale tunapopajua. Lango la Brandenburg lilijengwa kati ya mwaka 1788 na 1791 kwa amri ya Mfalme Friedrich Wilhelm wa Pili wa Prussia. Msanifu wake, Carl Gotthard Langhans, aliiga lango la kale la kuingilia Akropoli ya Athens. Lina nguzo 12, sita kila upande, na kati ya nguzo hizo mna njia tano. Kimo chake ni mita 26 hivi, kadiri ya mnazi mrefu wa pwani yetu. Zamani njia ya katikati ilitengewa familia ya mfalme; raia wa kawaida walipitia kandokando.

Juu ya lango pana sanamu ya gari la kukokotwa na farasi wanne, likiendeshwa na mwanamke mwenye mabawa. Mwaka 1806 Napoleon aliishinda Prussia, akaiteremsha sanamu hiyo na kuipeleka Paris kama nyara ya vita. Ilirejeshwa mwaka 1814, Napoleon aliposhindwa. Msomaji na alikumbuke tukio hili, kwa sababu linatufunza kwamba Wajerumani wenyewe wanaujua uchungu wa kuporwa alama ya mji na furaha ya kuirudishiwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mji uligawanywa, na kuanzia mwaka 1961 ukuta uliowatenganisha watu wa mashariki na magharibi ulipita mbele ya lango hilo. Lango likawa mahali pasipopitika. Ukuta ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, na lango lenyewe likafunguliwa tarehe 22 Desemba mwaka huohuo. Kwa hiyo Tergat alipopita hapo mwaka 2003, ilikuwa imepita miaka 14 tu tangu njia hiyo iwe huru kwa watu wote.

Mwendo mfupi kusini mwa lango upo mtaa wa Wilhelmstraße. Jumba lililokuwa nambari 77 halipo tena, bali pameachwa bango la ukumbusho. Humo ndimo Kansela Otto von Bismarck alimokaribisha wajumbe wa mataifa kwenye mkutano uliofunguliwa tarehe 15 Novemba 1884 na kufungwa tarehe 26 Februari 1885, mkutano uliowekea Afrika masharti ya kugawanywa. Hapakuwa na mjumbe hata mmoja wa Kiafrika. Siku moja baada ya kufungwa kwake, Kaisari alitoa hati ya kuzilinda ardhi ambazo Carl Peters alidai kuzipata kwa mikataba kule Usagara na jirani zake. Mtalii anayeyaona majumba ya fahari ya mtaa huo bila kulisoma bango hilo atakuwa ameona mawe tu.

Walimu wa Kiswahili mjini

Mkutano ule ulizaa haja ya lugha. Dola iliyotaka kutawala Afrika Mashariki ilihitaji maofisa wanaojua Kiswahili, na mwaka 1887 ikafunguliwa Berlin taasisi ya lugha za Mashariki, Seminar für Orientalische Sprachen, iliyofungamana na chuo kikuu cha mji huo. Profesa alikuwa Mjerumani, lakini pembeni mwake aliwekwa mzawa wa lugha wa kusahihisha matamshi na kutoa mifano. Hawa ndio watu wa kwanza kuitazama Berlin kwa Kiswahili na kuyaandika waliyoyaona.

Amur bin Nasur, mwenyeji wa Zanzibar, alifundisha huko kuanzia mwaka 1891 hadi 1895. Habari zake mwenyewe na za aliyoyaona Ulaya ziliingizwa katika diwani ya maandishi ya Kiswahili iliyohaririwa na C. G. Büttner na kuchapishwa Berlin mwaka 1894. Salim bin Abakari, mwenye asili ya Komoro, alisafiri na bwana wake wa Kijerumani mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia, na simulizi lake likatolewa na Carl Velten mwaka 1901 katika kitabu Safari za Wasuaheli. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyezaliwa karibu na Bagamoyo, alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha. Jina lake tunalijua sote kwa sababu ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903. Ni vyema kukumbuka kwamba Mtoro alikuwa akiishi Berlin wakati kitabu hicho cha mila za pwani kilipotayarishwa na kuchapishwa.

Umuhimu wa waandishi hawa kwetu ni wa kilugha na wa kihistoria pia. Ni wa kilugha kwa sababu walikabiliwa na mji wa treni, taa za gesi, theluji na majumba ya ghorofa nyingi kabla ya baraza lolote la istilahi kuundwa, na bado wakaandika. Ni wa kihistoria kwa sababu vitabu vya safari katika enzi hiyo vilikuwa, kwa sehemu kubwa, vitabu vya Mzungu akimtazama Mwafrika. Wao waliugeuza mwelekeo wa jicho.

Hata hivyo jicho hilo lilikuwa na gharama. Mtoro aliiacha kazi yake mwaka 1903 baada ya kudharauliwa darasani na wanafunzi wasiotaka kufundishwa na mtu mweusi. Mwaka uliofuata alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 walipofika Dar es Salaam wakitaka kuishi huko, serikali ya kikoloni ilikataa wasishuke pamoja. Walirudi Ujerumani. Mtoro alifundisha tena Hamburg, akaishi Berlin, na huko ndiko alikofia mwaka 1927 bila kuiona Bagamoyo tena. Mtu aliyewaeleza walimwengu desturi za nyumbani kwake alinyimwa nyumbani kwenyewe.

Bustani ya Treptow

Kusini-mashariki mwa mji, kando ya Mto Spree, ipo bustani kubwa ya Treptow. Leo ni mahali pa kupunga upepo na kupanda mashua. Mwaka 1896 palifanyika hapo maonyesho makubwa ya biashara na viwanda, na ndani yake yakawekwa maonyesho ya makoloni. Watu 106 walisafirishwa kutoka Afrika na visiwa vya Pasifiki ili wakae katika vijiji vya kuigiza na kutazamwa na umati. Miongoni mwao walikuwamo watu wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Palijengwa hata mfano wa ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambayo majeshi ya Wajerumani yalikuwa yameivunja miaka mitatu tu kabla yake. Ngome iliyobomolewa kwa mizinga kule Tabora ikawa kiburudisho cha Jumapili huku Berlin.

Hapa ndipo kauli ya kutendwa, tazamwa, inapopata maana yake kamili. Aliyetazamwa hakuulizwa jina wala maoni. Walakini kulikuwamo kijana mmoja kutoka Kamerun, Kwelle Ndumbe, aliyejulikana pia kama Bismarck Bell. Alinunua darubini ya macho mawili, ya aina wanayotumia watazamaji wa tamthilia, akaielekeza kwa wale waliokuja kumtazama. Kwa tendo hilo alikigeuza kitenzi. Kutazamwa kukawa kutazamana, na kutazamana hakuwezekani pasipo kukiri kwamba upande wa pili nao una macho na akili. Jumba la makumbusho la mtaa wa Treptow lilifungua mwaka 2017 maonyesho ya kudumu juu ya watu wale 106, na jina la maonyesho hayo kwa Kijerumani lina maana ya kurudisha mtazamo, yaani kumrudishia mtazamaji jicho lake.

Mjusi wa Tendaguru

Mtalii akirudi katikati ya mji hatakosa kuelekezwa kwenye Makumbusho ya Elimu Viumbe, mtaa wa Invalidenstraße. Ukumbini humo umesimamishwa mfupa kwa mfupa mjusi mkubwa wa kale ambaye wataalamu humwita Giraffatitan. Kimo chake ni mita 13.27, yaani zaidi ya twiga wawili waliosimama mmoja juu ya mwenzake. Watoto wa Berlin hukua wakimwona kuwa wao.

Asili yake ni kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania. Alichimbuliwa kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache baada ya Vita vya Maji Maji kuiacha nchi hiyo na njaa. Mamia ya wenyeji walichimba, wakapakaa mifupa plasta, wakaifunga na kuibeba kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, aliyekuwa hodari wa kuitambua mifupa ingali ardhini. Kwa miaka mingi mtazamaji aliusoma umbo wa mjusi asiyasome majina ya waliomtoa ardhini. Sayansi imeanza kulipa deni hilo: mwaka 2007 mjusi mwingine wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti, na mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, jina lenye kuwataja Wamwera, wenyeji wa eneo hilo, pamoja na msimamizi mwingine aliyeitwa Mohammadi Keranje.

Si mifupa ya mijusi pekee iliyopelekwa Berlin. Katika enzi ya ukoloni mafuvu ya binadamu yalikusanywa pia na kuhifadhiwa kwa madai ya utafiti. Uchunguzi wa asili ya mafuvu zaidi ya 1,100, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2023 na taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa mjini humo, ulionyesha kwamba mengi yalitoka Rwanda, zaidi ya 200 yalitoka Tanzania, na 22 yalitoka Kenya. Haya hayatazamwi na watalii, wala hayapaswi kutazamwa. Lakini asiyejua kwamba yamo hawezi kudai kwamba ameijua Berlin. Tulikwisha kusema kwamba sanamu ya farasi wanne ilirudi kutoka Paris baada ya miaka minane.

Jiwe la Brunnenstraße

Alama inayofuata haina kimo. Katika mtaa wa Brunnenstraße, mbele ya nyumba nambari 193, pamepachikwa katika njia ya waendao kwa miguu kijiwe chenye bamba la shaba nyeupe ya manjano, ukubwa wake kama kiganja. Vijiwe vya namna hii ni kazi ya msanii Gunter Demnig. Huwekwa mbele ya makazi ya mwisho ya watu walioteswa au kuuawa na utawala wa Wanazi. Wajerumani huviita mawe ya kujikwaa. Anayejikwaa hapa si mguu bali ni dhamiri, na anayetaka kusoma maandishi hana budi kuinama.

Jiwe la Brunnenstraße, lililowekwa mwaka 2007, ni la Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, na vita vilipoanza mwaka 1914 mtoto naye akaingizwa jeshini akiwa na umri wa miaka kumi. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara ambayo yeye na babake hawakulipwa. Hakulipwa. Akabaki mjini, akawa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba mashuhuri la starehe lililokuwa uwanja wa Potsdamer Platz, ambamo kila ukumbi ulipambwa kwa mfano wa nchi fulani ya ulimwengu. Akacheza pia katika filamu nyingi, kwa kawaida kama mtumishi au askari. Na jambo linalotuhusu zaidi ni kwamba alifundisha Kiswahili katika chuo kikuu, akiwa mrithi wa kiti cha akina Amur na Mtoro.

Utawala wa Wanazi ulipoimarika, milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Alifukuzwa katika Haus Vaterland mwaka 1935. Mwaka 1941, baada ya kucheza katika filamu ya kumtukuza Carl Peters, alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa bila hukumu ya mahakama katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa mji. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Huyu alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Tunapoitaja historia ya ufundishaji wa lugha yetu katika vyuo vya ng'ambo, aghalabu tunataja vyuo, miaka na vitabu. Jiwe la Brunnenstraße linatudai tutaje pia watu, na tuseme waziwazi ni nini kiliwapata.

Barabara yenye jina la Kiswahili

Ziara yetu inaishia mtaa wa Wedding, kaskazini-magharibi, mahali panapoitwa Mtaa wa Kiafrika. Humo mtalii wa Afrika Mashariki ataona vibao vinavyomshangaza: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Majina hayo hayakuwekwa kwa upendo wa Afrika. Yalianza kuwekwa mwaka 1899 kwa kujivunia makoloni, na mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alikusudia kufungua jirani na hapo bustani ya kuonyesha wanyama na watu wa Afrika, mpango uliokatizwa na Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mwaka 1939 Wanazi waliipa barabara moja ya mtaa huo jina la Carl Peters. Katika Tanganyika mtu huyo alikuwa amekwisha kupewa jina jingine na watu waliomjua: Mkono wa Damu. Hebu mwanafunzi wa isimu azingatie nguvu ya lakabu hiyo. Kiswahili kilitoa hukumu yake kwa maneno matatu, hukumu ambayo mji mkuu wa Ujerumani uliichelewesha kwa zaidi ya karne moja. Baada ya miaka mingi ya mabishano, mwezi wa Agosti mwaka 2024 jina la Peters liliondolewa. Sehemu moja ya barabara ikapewa jina la Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia aliyeuawa mwaka 1959 akipinga ubaguzi, na sehemu nyingine ikaitwa Maji-Maji-Allee. Kabla ya hapo, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa amefika Songea na kuomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani.

Basi leo mkazi wa Berlin anayeandika anwani yake huko analazimika kuandika neno la Kiswahili mara mbili. Wapiganaji wa mwaka 1905 walilitamka neno hilo wakiamini kwamba lingegeuza risasi kuwa maji. Halikuzigeuza risasi. Lakini neno limedumu kuliko dola iliyozifyatua, na limeifuata dola hiyo hadi mlangoni pake. Hapo ndipo kutazamana kunapoonekana kwa macho.

Lugha ya kuueleza mji

Turejee sasa kwenye dai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo ya aina hii. Ziara tuliyoifanya inabainisha njia nne ambazo mwandishi wa Kiswahili anaweza kuzitumia, nazo si ngeni.

Kwanza ni kuyahifadhi majina pekee jinsi yalivyo, kama Wilhelmstraße na Treptow, na kuyazungushia sarufi yetu. Pili ni kutafsiri sehemu ya jina iliyo nomino ya kawaida: tunasema Lango la Brandenburg bila tashwishi, na Nguzo ya Ushindi kwa ule mnara wa mita 67 ulio katikati ya bustani ya Tiergarten. Tatu ni kufananisha na kitu anachokijua msomaji: mnazi kwa lango, twiga kwa mjusi. Mfano mzuri hupima zaidi ya mita, kwa kuwa humwekea msomaji kitu machoni. Nne, na iliyo muhimu zaidi, ni kuutumia utajiri wa vitenzi vyetu. Kuona si kutazama. Kutazama si kukodoa macho. Kuzuru si kutalii. Kushuhudia kunabeba dhamana ambayo kuangalia hakuna. Mwenye kuchagua kitenzi amechagua pia msimamo wake mbele ya anachokieleza. Anayesema kwamba watu wa Treptow walionyeshwa hajasema sawasawa na yule asemaye kwamba walitazama.

Kinachokosekana si maneno, bali ni mazoea ya kuandika. Utanzu wa safari ulianza mapema katika nathari ya Kiswahili, kisha ukafifia katika silabasi zetu nyuma ya riwaya, tamthilia na ushairi. Wanafunzi wengi hupata shahada bila kuusoma ukurasa mmoja wa Amur bin Nasur au wa Salim bin Abakari. Pana haja ya maandishi haya kuhaririwa upya kwa tahajia ya leo, na ya wanafunzi kuhimizwa kuandika safari zao wenyewe, ziwe za mbali au za karibu.

Hitimisho

Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Ni jiji changa lenye majina ya tabaka nyingi. Jina lake lenyewe linatokana na neno la Kimaasai lenye kuashiria mto wa mawe, yaani Mto Sosiani, likatiwa kiambishi tamati cha Kinandi. Wazee bado wanakumbuka jina la Sisibo, lililotokana na nambari 64 ya shamba la walowezi ambapo mji ulianzia. Kila jina ni ukurasa, na kurasa hizi hazijaandikiwa maelezo ya kutosha kwa Kiswahili. Mgeni akifika leo akaomba aelezwe jiji hili kwa lugha ya taifa, sisi wa vyuo vya hapa tutampa kitabu gani?

Berlin inatufunza kwamba alama za mji hazisemi kwa hiari yake. Lango, mjusi, kijiwe na kibao cha barabara vyote vilikaa kimya hadi walipotokea watu wa kuuliza na kuandika. Wahenga walituambia tembea uone. Walimu wetu waliotutangulia Berlin walitembea, wakaona, wakaandika, na baadhi yao wakalipa kwa maisha yao. Septemba ijayo, lango lile litakapotokea tena katika runinga na jirani yetu akalipita mbiombio, mwanafunzi wa Kiswahili aliyeketi Eldoret na awe tayari kumgeukia mwenzake na kumweleza, kwa Kiswahili kilichokamilika, ni mahali gani hapo na ni nani wetu walipita kabla yake.